Baba Kanunua Bastola

Tufool, shoga yangu, uko wapi? Usinicheke. Baba kanunua bastola! Wallahi, baba yangu mimi!

Kuukuu, fupi, yaenea kiganjani, ile ya kigurudumu cha risasi. Kaipata sokoni Nizwa. Ati ya kutembea nayo kiunoni, kwa kuwa mtu aliye peke yake shambani Manah lazima ajilinde. Alinde nini? Mitende?

Leo alasiri kenda kuijaribu nyuma ya kisima. Kalipiga gogo mpaka risasi zikamwishia.

Na wewe wajua, huku ikilia bunduki watu wanajua harusi. Majirani wakaja! Bi Ghanima na sinia la halwa, wazee na bakora zao. "Mabruk, Khelef! Nani kaoa?"

Na baba hakukanusha! HAKUKANUSHA, Tufool! Katandika majamvi, kapika kahawa, kawakaribisha ndani.

Mimi nafika kutoka Sur nakuta viatu vimejaa mlangoni. Sijaviona vingi vile tangu matanga ya mama. Bi Ghanima kanirukia, kanikumbatia: "Mabruk, bibi harusi!"

Bibi harusi! Mimi!

Hasira zikanipanda, nikawaambia kweli palepale, mbele ya baba: hakuna harusi. Wakatoka mmoja mmoja. Hata sinia wameliacha.

Nikamwambia, baba, nipe hiyo bastola. Kanipa bila ubishi. Kakusanya vikombe vyote, kisha kaniuliza taratibu:

"Sasa, mwanangu, watakuja kwa lipi?"