Nilifuatisha Karatasi, Nikasifiwa Mkono

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na ukinigombeza nitavumilia, maana nimejigombeza mwenyewe wiki tatu sasa na haijasaidia kitu.

Mimi ni fundi wa mablanketi ya viraka, na kazi hii nilifundishwa na mama mkwe wangu, ambaye nilipoolewa nilikuwa sijui hata kutunga uzi kwenye sindano na hakunicheka hata siku moja, akanisimamisha mbele ya mashine yake ile yenye mkono mrefu, inayotembea kwenye reli juu ya fremu pana kama kitanda, akaweka mkono wake juu ya wangu mpaka nikaweza, na alipochoka kazi akaniachia mashine, chumba na wateja wote, kwa hiyo ninavyomshukuru mama huyu hata sijui pa kuanzia.

Sasa kwetu kazi ni mbili, kuna kuchora, yaani unasimama mbele ya mashine na kutembeza sindano kwa mkono huru, majani, mawimbi, chochote kinachokujia, na kuna kufuatisha, unasimama nyuma, unatandika karatasi yenye mchoro, kijitaa chekundu cha mashine kinapita juu ya mstari na sindano upande wa pili inashona vilevile. Kufuatisha blanketi kubwa ni asubuhi moja, kuchora ni siku mbili na bega linawaka moto, lakini kwenye ubao wetu wa bei kuchora ndiko kwa bei rahisi, kwa sababu mama mkwe aliandika hivyo tangu zamani na kauli yake ni moja: "Karatasi tumenunua, mwanangu, mkono Mungu katupa bure." Basi kila mteja anataka kuchorewa, na mimi naogopa kuugusa ubao, maana mama bado anakuja kila siku kukaa kwenye kiti cha dirishani, nitaonekana nimeota mapembe.

Ndipo akaja mjane mmoja na viraka alivyokata kwenye mashati ya marehemu mumewe, akaomba nimchoree, "kwa mkono wako mwenyewe, binti yangu," nikakubali, kisha bega likagoma, nikafuatisha karatasi ya majani na nikanyamaza. Alipokuja kulichukua blanketi lake alilia kwa furaha, akasema mkono wangu sasa ni wa mama mkwe mtupu, na mama mkwe alikuwa palepale, akaligeuza blanketi, akalitazama upande wa nyuma kwa muda, akasema tu, "Pole na kazi, mwanangu." Kesho yake akaniletea dawa ya kuchua. Tangu hapo kila akiniambia neno zuri linanichoma, hata kumtazama usoni siwezi. Je, ninyamaze? Bei nipandishe vipi bila kumvunjia heshima? Au niache kazi kabisa?

Fundi wa Viraka

*

Fundi wangu, pole kwa bega, na sasa kaa vizuri tugombane kidogo.

Barua kuhusu mama mkwe zinazonifikia hapa nyingi zingeweza kuunguza meza, kwa hiyo yako nimeisoma mara mbili kwa raha. Lakini nani alikuambia shukrani inalipwa kwa bega? Karatasi moja ya mchoro unaitumia kwa mablanketi mia. Siku mbili za mkono wako ukishazitumia zimekwenda. Weka kuchora mara mbili ya kufuatisha, na mteja akinuna mwambie kufuatisha nako kunapendeza, achague. Na ukitaka kufuta ubao, ufute mama mkwe akikuona, umweleze saa zako kama ulivyonieleza mimi. Alikuachia mashine ili uishi nayo. Habari ya kuacha kazi sikuisoma.

Mjane je? Hela hukumwibia. Kwa ubao wenu huo wa ajabu, ulimfanyia kazi ya bei ya juu kwa bei ya chini. Ila mama wa watu aliomba mtu akae siku mbili na mashati ya mumewe, na hilo hukumpa, tena ukapokea sifa zake. Ulikosea. Mpigie kesho asubuhi, umwambie ulichofanya na sababu yake, usizungukezunguke. Mwombe alirudishe blanketi, umuulize marehemu alipenda nini, baiskeli, kuku, redio, kisha fumua mshono wa kiraka kimoja cha katikati umchoree hicho kwa mkono wako. Kiraka kimoja bega litakubali. Akikasirika ana haki, msikilize mpaka amalize.

Sasa la mama mkwe, na hapa nimekushangaa kweli. Majani ya mkono hayafanani mawili, ya karatasi yanafanana kama vikombe vya seti moja. Unadhani fundi mkongwe kama yule aligeuza blanketi kutafuta nini? Alijua, mwanangu. Alijua kabla mjane hajakunja blanketi lake, akakustahi mbele ya mteja, akaenda kukutafutia dawa. Wiki tatu unamkwepa macho mtu aliyekwisha kukusamehe.

Leo akifika, sogeza kiti ukae naye karibu, umwambie hivi tu: "Mama, nilifuatisha, bega linauma." Usijitetee. Shukrani anayoingoja kwako ni hiyo.