Kahawa, Ulimi na Mnyamwezi Wangu

Jumamosi, 4 Juni 1932

Dar es Salaam nzima hakuna muuza kahawa kama mimi. Gavana mwenyewe akionja kikombe changu ataniamkia shikamoo, nami nitaitika marahaba bila kugeuka. Mwalimu alinifukuza darasa la tatu, eti nina mdomo. Mdomo huohuo ndio unanilisha.

Dele langu la kahawa limekauka kabla jua halijachomoza vizuri. Naamka kabla ya adhana, nakaanga buni mwenyewe, tangawizi naiweka kwa akili. Lakini mtaji wangu hasa ni ulimi.

Bwana Awadhi, Mwarabu wa duka la nguo hapa Kariakoo, ameuona. Kaniambia, "Jaza watu mbele ya duka langu mpaka Ijumaa, pembe ya kibaraza ni yako. Ukishindwa nampa fundi viatu." Kibaraza! Paa juu, na askari wa soko hatanikimbiza tena kama kuku. Ijumaa mbali. Nimeshashinda.

Jumapili, 5 Juni

Mnyamwezi wangu kapita akienda bandarini kupakua magunia. Kuli mtu mzima, tarbushi nyekundu isiyo na kishada. Mimi Mzaramo, yeye Mnyamwezi, watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo hakuna kununa.

"Mzaramo, hii kahawa au maji uliyooshea nazi?"

"Babu zako walitembea kwa miguu toka Tabora kuifuata, wewe unaitukana?"

"Walifuata chumvi. Nyie waliwakuta mmelala chini ya mnazi, mnangoja nazi idondoke."

Watu hoi. Waliokuja kucheka wakanywa. Bwana Awadhi kauza kanga mbili kwa mkupuo. Kacheka na yeye, nimemwona.

Jumatatu, 6 Juni

Mnyamwezi hakuja. Shauri yake. Watu wachache, wakanywa kimyakimya kama wako msibani. Nimegonganisha vikombe mpaka mkono ukauma.

Jumanne, 7 Juni

Hakuja tena. Nikasema, ulimi ni wangu, sio wake. Nikamrukia fundi cherehani mmoja mtu wa Kilwa, nikamwambia kanzu yake ina viraka vingi kuliko kitambaa.

Kanitazama. "Mtoto, mimi mtani wako?"

Kamwaga kahawa chini. Kaondoka. Wawili wakamfuata. Bwana Awadhi kasema ulimi wangu ni punda asiye na hatamu. Fundi viatu alikuwa pale anapima pembe kwa hatua. Nimekasirika. Nimeogopa pia, basi.

Jumatano, 8 Juni

Nimeacha biashara, nimeshuka bandarini. Nikauliza makuli, "Namtafuta Mnyamwezi."

Wakaangua kicheko. "Yupi? Hapa umezungukwa nao."

"Mnyamwezi wangu."

"Jina lake nani?"

Jina silijui. Mimi, Pazi, mwenye ulimi. Nikabaki kuwaeleza tarbushi yake isiyo na kishada.

Tarbushi ndiyo iliyoniokoa. Mmoja akaikumbuka: gunia lilimwangukia mguuni Jumapili, amelala kwake Ilala.

Alhamisi, 9 Juni

Nimekwenda na dele. Mkewe kafungua mlango, kabla sijasema kitu: "Wewe ndiye Pazi? Karibu, mwanangu. Kila siku ananisimulia habari zako."

Mguu umevimba kama fenesi. Kaniona, kainuka kwa kiwiko. "Mzaramo umefuata sanda yangu? Rudi, sijafa." Nikamjibu kwamba sanda hiyo hata bure siitaki, ina jasho la magunia. Majirani wakaja mlangoni. Nimewamiminia wote. Wakati naaga akauliza habari za kibaraza. Nikamwambia kweli. Akasema, "Kesho nibebeni."

Ijumaa, 10 Juni

Tumemleta kwa mkokoteni, makuli wawili wanasukuma, yeye kakaa juu kama Sultani. Watu walipotoka msikitini wakamkuta kibarazani, mguu juu ya gunia, ananitukana. Wakajaa mpaka njia ikaziba. Nimechemsha dele la pili, la tatu. Fundi cherehani naye kapita. Nilimpelekea kikombe kwa mikono miwili, nikamwomba radhi, bila mzaha. Kanywa.

Bwana Awadhi kanipa pembe. Kasema, "Lakini na huyu mzee awe anakaa hapa." Fundi viatu kapewa upande wa pili.

Jumamosi, 11 Juni

Mvua tangu alfajiri. Nimekaa chini ya paa langu, kahawa haiingii maji. Natakiwa kujisifu, na nitajisifu kesho.

Askari kunikimbiza, kahawa kumwagwa, hayo si kitu. Kilichoharibika kweli ni hiki. Mwaka mzima nimemmiminia mtu kahawa, nimemtukana babu na bibi, nimejaza watu kwa ulimi wake nikauita wangu. Yeye jina langu alilipeleka mpaka kwa mkewe. Mimi lake sikuwahi kuuliza.

Jana nimemwuliza. Anaitwa Mihambo. Kikombe chake nimekigeuza hapa pembeni, kinamngoja.