Ejenti wa Changamwe

Nairobi, 8 Februari 1999

Dada Mwanatatu,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto, na Mjomba Matano na mgongo wake. Mimi sijambo, ila vumbi la huku limenishika kifua. Ama baada ya hayo.

Bahasha hii anakuletea Margret wa uhasibu, anayekuja kukagua tawi. Ndani mna disketi mbili zenye programu tunayoiita ejenti. Iweke kwenye seva, ile mashine kubwa ya chumba cha nyuma ambayo kompyuta zote za ofisi yenu zinaitegemea. Kazi yake ni kuiangalia seva na kutuletea habari: diski imejaa kiasi gani, ina joto au haina, iko hai au imekufa. Mtandao wenu ni wa ndani, umefungwa, siwezi kuingia kutoka huku. Kwa hiyo ejenti ndiyo itakayotoka kupitia laini ya kampuni na kuja kuripoti kwenye mashine yangu; ikinyamaza, mashine yangu huandika kwamba kituo kimekufa.

Itakuuliza jina la kituo, anwani ya mashine yangu na neno la siri. Nimekuandikia yote kwenye karatasi. Usikosee hata herufi. Iwe tayari Jumatano, maana Mkurugenzi amenipa kazi hii mimi, na bado niko kwenye majaribio.

Mdogo wako,
Mwinyihaji


Changamwe, 11 Februari 1999

Mdogo wangu Mwinyihaji,

Marahaba. Sisi wazima, alhamdulillahi. Mgongo wa Mjomba unamsumbua lakini kazini haachi kuja, unamjua. Kifua chako kitie asali na tangawizi. Nimeanza na salamu kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, lakini nimekasirika, na ni bora ujue mapema.

Usikosee hata herufi, uliniambia. Wewe mwenyewe uligeuza tarakimu mbili za anwani! Kutwa nzima ejenti wako anaita na hapati mtu. Nikadhani kosa ni langu, nikamtoa, nikamweka upya, kompyuta za ofisi zote zikaganda. Karatasi za mizigo hazitoki, malori yamepanga foleni kuelekea Mikindani, na meneja ananifokea mbele ya madereva kama mtoto. Ikabidi aitwe Jefwa, fundi wa laini. Naye akagundua kwamba hata anwani ingekuwa sawa, kile kisanduku cha laini hakikuwa na ruhusa ya kumpitisha. Hilo hukulisema popote. Kafungua njia moja tu, ya kwenda kwako, na sasa anaripoti.

Kuna swali moja. Pale panapoulizwa saa ambazo kituo hufungwa, nimeandika Ijumaa, kuanzia adhuhuri hadi watu warudi kutoka msikitini. Unakumbuka Mjomba huteremsha swichi kuu kabla ya kufunga godauni, kwa amri ya marehemu mwenye kampuni, tangu ule moto wa godauni: jengo lisipokuwa na mtu, lisiwe na umeme. Niambie kama nimeandika sawa.

Dada yako,
Mwanatatu


Nairobi, 17 Februari 1999

Dada,

Shikamoo, na pole kwa usumbufu. Kifua kimepoa. Ripoti za Changamwe nazipata, zinapendeza.

Ila hiyo Ijumaa ifute. Paache wazi. Hapa ripoti inaonekana kwenye skrini kubwa, na hakuna tawi jingine lililoandika saa za kufungwa. Wakiona letu linazima umeme mchana wa kazi, watacheka, watasema watu wa Pwani ndio hao. Na wanajua ni kwetu. Nikishathibitishwa kazini nitaijaza mwenyewe.

Wala usiogope, haichungulii watu. Ni mashine inaangalia mashine, wallahi.

Mdogo wako,
Mwinyihaji


Changamwe, 24 Aprili 1999

Mwinyihaji,

Natumai u mzima. Huku afya ipo, raha hakuna.

Jana Mjomba amefukuzwa. Wanasema amesimamishwa, lakini wamemnyang'anya funguo za godauni, na walinzi wamempekua mfuko langoni, mbele ya makuli aliowaajiri yeye. Mjomba Matano! Alijifunga shuka vizuri, akawaambia asanteni, akaenda zake kivukoni.

Kisa ni robota za vitambaa zilizopotea. Mgeni kutoka makao makuu amekuja na karatasi ndefu zilizotolewa na ejenti wako. Kila Ijumaa: Changamwe imekufa. Akasema anayeizima seva anaficha mali inayotoka bila kuandikwa. Akauliza nani hushika swichi kuu. Mjomba, kwa ukweli wake, akasema ni yeye.

Nikasimama nikaeleza habari ya moto na swala. Yule bwana akaniuliza, kama ni desturi, mbona mstari wa saa za kufungwa uko wazi? Nikasema niliagizwa niufute. Nani kakuagiza? Sikukutaja. Nilijua uko majaribioni, nikasema moyoni, huyu mtoto atasema mwenyewe.

Ripoti hizo zinapita mikononi mwako, Mwinyihaji. Kimya cha kila Ijumaa umekiona, na sababu unaijua tangu ulipokuwa ukimpelekea Mjomba chai pale godauni wakati wa likizo za shule. Umenyamaza vipi? Huyu ndiye mjomba aliyetuchukua mama alipofariki. Kwetu sisi Wadigo mtu akiwa na mjomba si yatima. Sasa yeye ana nani?

Nakutaka umwandikie Mkurugenzi. Sema ukweli, maneno machache tu.

Dada yako,
Mwanatatu


Nairobi, 3 Mei 1999

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili tu. Barua yako imeniuma.

Lakini na wewe unanionea. Mimi sikumshtaki mtu. Ejenti imesema seva ilikufa, na kweli ilikufa. Waliosoma wizi humo ni wao. Na nikijitokeza leo nikasema ni mjomba wangu, watasema ninamlinda, na pengine ejenti nimeichezea ili kumficha. Nitafukuzwa, naye hatarudi. Hilo umelifikiria? Nyinyi huko mnaona mtu akiwa Nairobi basi amekuwa waziri. Hapa mimi ni karani mwenye tai.

Nipe muda. Barua yangu ya kuthibitishwa kazini iko njiani.

Mdogo wako,
Mwinyihaji


Changamwe, 7 Mei 1999

Mwinyihaji,

Salamu nimekuletea, pokea.

Muda gani? Mjomba sasa haendi msikiti wa Timbwani alikozoea, anaswali nyumbani, maana pale watu wameanza kumuuliza mbona kazini hendi. Mwanamume aliyekuwa akivuka na feri ya asubuhi kila siku sasa anakaa ukumbini anafungua redio vipande vipande, anaiunga tena. Akina mama wa mtaani wananyamaza nikipita. Jana Mjomba kaniuliza kama umeandika. Nikamwambia umemsalimu sana, nikaona haya kwa uongo wangu.

Uliona aibu ya kuchekwa kwa ajili ya Ijumaa. Basi hiyo ndiyo aibu yako, ichukue wewe, usimvishe mzee wa watu! Ukweli wenyewe ni huu: ulisema ifutwe. Sema, au nitapanda basi nije niseme mwenyewe mbele ya hiyo skrini yenu kubwa.

Dada yako, kwa sasa,
Mwanatatu


Nairobi, 21 Mei 1999

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo, shikamoo tena! Natumai nyote ni wazima, na baada ya habari hii mtakuwa wazima zaidi.

Nimesema. Nilimwendea Mkurugenzi mwenyewe, nikamweleza habari ya moto, amri ya marehemu, swala ya Ijumaa, yote. Amemtuma mtu akaulize makuli, wote wamesema vilevile. Mjomba anarudi kazini Jumatatu, na funguo zake. Tena imeonekana robota hazikupotea, zilipakiwa na mzigo wa Kampala kwa makosa.

Kuna jambo dogo tu. Aliniuliza kwa nini mstari ule ulikuwa wazi. Nikasema opereta wa tawi alisahau kuujaza. Sikuwa na njia, dada, alikuwa ananitazama usoni. Utaletewa barua ya onyo. Ni karatasi tu, isikutie simanzi, wewe kazini una mizizi. Na mimi wamenithibitisha jana, tena wamenipa usimamizi. Sasa nina nguvu ya kuwasaidia nyote, inshallah.

Jambo kubwa ni kwamba Mjomba anarudi. Mpe salamu zangu.

Mdogo wako akupendaye,
Mwinyihaji


Tawi la Changamwe
31 Mei 1999

Kwa Msimamizi wa Kompyuta,
Makao Makuu, Nairobi.

Bwana,

KUH: EJENTI, TAWI LA CHANGAMWE

Barua ya onyo imenifikia na nimeitia sahihi mbele ya meneja.

Saa za kufungwa siku ya Ijumaa zimeandikwa kwenye ejenti. Ijumaa iliyopita umeme ulizimwa kama desturi, na ripoti haikuonyesha hitilafu.

Mtunza godauni, Bw. Matano, amerudi kazini. Anamwambia kila mtu, kwenye feri na msikitini, kwamba mpwa wake wa Nairobi alimpigania hadi akashinda. Meneja kamweleza kwamba kosa lilikuwa la opereta. Juzi Bw. Matano alikuja mezani kwangu, akafunga mlango ili nisifedheheke, akanikanya kwa upole: niwe makini na mashine za watu, maana uzembe wangu ulikaribia kumharibia kijana kazi. Akaniagiza nikuombe radhi.

Sikumweleza lolote. Alikuwa anacheka, na sijamwona akicheka tangu Aprili.

Kwa hiyo nakuomba radhi, kama alivyoniagiza.

Yanayohusu mashine, andika kwa ofisi, nitajibu. Mengine usiniandikie.

Wako mtiifu,
Mwanatatu
Opereta