Karata za Padre Zimerudi Kabla ya Pasaka

Hilaria, uko wapi? Hapa ofisi ya parokia natamani ardhi ipasuke.

Kompyuta ilikuwa imejaa, nikafuta zile pointi za kuirudisha ilivyokuwa siku za nyuma. Nikabakiza moja tu.

Leo printa ikagoma, na kuna binti katoka Laela anasubiri cheti cha ubatizo. Nikairudisha kompyuta kwenye ile pointi. Printa ikakubali.

Kumbe pointi yenyewe ni ya kabla ya Kwaresima.

Ule mchezo wa karata alioufuta Padre Leonsi mbele yetu Jumatano ya Majivu, eti ndiyo mfungo wake? Umerudi. Hilaria, umerudi, uko katikati ya kioo, na Padre kasimama nyuma yangu.

Akakisogelea kioo. Halafu taratibu, "Josefina, kama umerudi wenyewe, kuucheza bado ni dhambi?"