Friji Bovu la Mabula

Jumatatu, 3 Machi
Nimemwagilia kitalu, nimeng'oa magugu, nimefunika hoho kwa nyasi. Kama kila siku, miaka kumi na moja sasa. Shemeji Mabula naye yuko kwenye banda, amepiga magoti mbele ya friji bovu. Ndilo kabati lake la joto. Balbu chini, beseni la maji juu ya balbu, trei tatu za mbegu za hoho juu yake. Eti mbegu zinataka joto lisilopanda wala kushuka. Mafunzo ya siku tatu, tayari mtaalamu! Mdogo wa mume wangu ni mtu wa kubeba magunia ya dagaa pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Mgongo ukamshinda, akaletwa kwangu.

Mume wangu, Baba Neema, ametoa hukumu leo mezani. Zikiota kabla ya Jumapili ya tarehe 16, Mabula anabaki na kitalu kinakuwa chake, ndiye atakayewaoteshea miche akina mama wa kigango, kanisani kwetu. Zisipoota, arudi Mwaloni. Sikuulizwa. Nimeondoa sahani.

Jumanne, 4 Machi
Anapima joto asubuhi, mchana, jioni. Anaandika kwenye daftari la shule. Nimelichungulia. 28. 29. 28. Mwandiko kama wa kuku. Akimaliza anaziimbia mbegu pambio. Mtu mzima na ndevu zake.

Alhamisi, 6 Machi
Mvua. Kwaresima imeanza jana na mimi nimeshatenda dhambi ya dharau mara arobaini kabla ya chai. Siwezi kujizuia. Leo kamfungulia jirani mlango wa friji aone. Jirani akasema, "Mh, mambo ya kisasa." Mabula akacheka hadi ufizi. Nyoo! Mambo ya kisasa gani, balbu na beseni?

Hoho zangu kitaluni zimeanza kuoza kwa maji. Sijamwambia mtu.

Ijumaa, 7 Machi
Zimeanza kupasuka. Mbegu zake. Kaniita nione, eti kaka yake atamwonyesha zikishachomoza, nikasema nina kazi. Baadaye nikaenda peke yangu. Kweli, vikia vyeupe, vidogo kama ncha ya sindano. Siku ya tano tu. Zangu kitaluni huchukua wiki mbili na zaidi. Nimefunga mlango. Nimekosa hamu ya kula.

Jumamosi, 8 Machi
Niandike kama ilivyokuwa.

Mvua siku ya tatu, jua hakuna. Dagaa wangu, ndoo mbili nilizoleta wabichi kutoka ziwani Alhamisi, walikuwa wameanza kunuka. Mabula kaenda sokoni Buzuruga kutafuta balbu ya akiba. Baba Neema yuko kwa fundi. Nikawaza: hilo friji lina joto, na lifanye kazi ya maana walau siku moja. Nikatoa trei, nikaziweka barazani. Nikatandaza dagaa ndani, mlango nikauacha wazi kidogo mvuke utoke. Saa moja tu, nilisema.

Nikaenda kuosha vyombo. Kuku wote walikuwa barazani wamejikinga mvua. Niliporudi mboji ilikuwa imetapakaa sakafu nzima, na lile jogoo langu jekundu limesimama ndani ya trei ya tatu linachakura. Nimetafuta. Hata mbegu moja sikuona.

Nikakusanya mboji. Nikaijaza kwenye trei, nikaisawazisha kwa kiganja, nikanyunyiza maji. Dagaa nikawatoa, hata hawakukauka, wamelegea, wamekuwa uji. Nimewatupa. Nikafuta friji kwa sabuni. Mabula aliporudi kila kitu kilikuwa mahali pake.

Jumapili, 9 Machi
Misa. Sijapokea komunyo. Baba Neema kauliza kwa nini, nikasema tumbo.

Jumatatu, 10 Machi
Bado anapima. 28. 29. Leo hakuimba. Anaangalia trei kwa muda mrefu, halafu anaandika. Kama angekuwa na akili angefukua kwa kidole akaona. Hana. Ndiyo maana alikuwa mbeba magunia.

Hivyo ndivyo ninavyojiambia.

Jumatano, 12 Machi
Baba Neema ameanza kumkejeli. "Mtaalamu, vipi, mbegu zimesafiri?" Mbele ya mafundi waliokuja kutengeneza pampu. Wote wakacheka. Mabula naye akacheka kidogo, akainama. Nami nilicheka. Nilijisikia nikicheka.

Kitalu changu kimekufa chote. Nimekifunika nyasi mpya kisionekane.

Ijumaa, 14 Machi
Baba Neema kasema Jumapili jioni Mabula afungashe. Nilichokitaka ndicho nilichokipata. Nilidhani leo ningelala roho kwatu. Nimepika ugali ukawa na madonge.

Mabula ana mgongo unaomuuma hata kuinua ndoo ya maji. Mwaloni watambebesha nini?

Jumamosi, 15 Machi
Nimemkuta bandani asubuhi anapima. Nikakasirika ghafla. Nikamwambia, "Unapima nini, shemeji? Hamna kitu humo!"

Akasema, "Najua, shemeji. Tangu Jumamosi ile."

Nikakaa juu ya ndoo.

Kasema amebeba dagaa miaka saba, harufu yake anaijua hata akiwa usingizini. Sabuni haikusaidia kitu. Kasema na kwenye mboji kulikuwa na kinyesi cha kuku. Nikamuuliza, mbona hukumwambia kaka yako? Akajibu taratibu, macho kwenye daftari: "Kaka angekufokea mbele ya watu. Mimi nimezoea kufokewa. Nilidhani utasema mwenyewe, nikawa nasubiri."

Siku saba anapima joto la udongo mtupu! Anapima asubuhi, mchana, jioni, ili nisiaibike. Kunihurumia mimi! Mimi! Nimetoka. Nimepalilia mchicha hadi kiganja kikatoka lengelenge. Nilimchukia leo kuliko siku zote. Halafu nikagundua si yeye ninayemchukia.

Jumapili, 16 Machi
Mchana, baada ya misa. Mabula alikuwa ameshaweka begi lake mlangoni. Baba Neema akaanza hotuba yake, watu wavivu, maneno mengi kazi hakuna. Nikasema, "Ni mimi. Nilianika dagaa kwenye friji lake, trei zikaliwa na kuku. Zilikuwa zimeshaota."

Baba Neema akaweka tonge chini. Amenifokea, ndiyo. Watoto walikuwepo, na mama mkwe alikuwepo. Kasema maneno ambayo sitayaandika. Nilikaa nikasikiliza yote. Mabula hakuinua kichwa, aliendelea kula, ila sikumwona akimeza.

Kitalu nimenyang'anywa. Funguo za banda amepewa Mabula. Miaka kumi na moja. Nimelia jikoni, si kwa kitalu peke yake.

Alhamisi, 20 Machi
Mvua imepungua. Mabula amepanda hoho upya. Bado mwandiko wake mbaya, na pambio analiimba kwa ufunguo usiojulikana. Sijawa mtakatifu.

Akina mama wa kigango walikuja kuulizia miche. Aliwaambia wasubiri kidogo, mbegu za kwanza zilipata ajali. Ajali. Hakunitazama.

Jioni nikaenda bandani. Nikasimama mlangoni, sikuingia. Nikamwambia, "Shemeji, niachie trei moja. Nataka kujaribu nyanya."

Akafikiri. Akaangalia daftari lake. Akasema nafasi imejaa hadi wiki ijayo, nikitaka nije Jumatatu asubuhi, nije nimenawa mikono.

Nimesema sawa.