Neno "Mshipa" Limetuvurugia Nyumba

Msambweni,
Kwale.
Jumatano, 11 Septemba 2024.

Mpendwa wifi yangu Fauzia,

Shikamoo. Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Waonaje hali, wewe na shemeji Boga, na hilo joto lenu la Mackinnon Road? Kile kikohozi kimepoa? Mbuzi wamepata maji? Sisi huku viwiliwili ni vizima, alhamdulillahi. Mioyo ndiyo inayougua.

Utashangaa kuona karatasi zama hizi za simu. Lakini wamjua nduguyo Jaafar, simu ikilia huiweka sauti kubwa mtaa mzima usikie. Kwa haya yangu, bora karatasi. Menza, yule utingo wa lori la nazi, anaondoka kesho alfajiri na atapita hapo kwenu.

Juma lililopita walikuja watu wa afya. Wakumbuka zamani: leo wa minyoo, mwezi ujao wa kichocho, halafu wa matende nao waje usiku na sindano zao, hata tukachoka kugongewa milango. Safari hii wamejikusanya. Nyumba yote inaitwa zahanati pamoja, mume, mke, watoto na wazee, na kila mtu hupimwa yote papo hapo: damu, mkojo, choo na ngozi. Mie nilifurahi. Nikasema heri waje mara moja watuache tulime. Sikufikiri kwamba wakikusanya maradhi watakusanya na wakwe.

Maana siku yetu, kwenye benchi lile, tulikuwa mimi, Jaafar, watoto, na mama yangu mzazi, ambaye Jaafar hata kula mbele yake huona haya. Mwuguzi ni binti wa bara, mpole, jina lake Eunice. Kidole cha Jaafar kikakataa kutoa damu ya kutosha. Binti akamshika mkono, akaubonyezabonyeza, kisha akasema kwa sauti ya kumpa moyo, "Usiogope mzee, mshipa wako nimeshauona. Ni mkubwa!"

Yailahi! Mtoto wa watu alikuwa akisema mshipa wa damu, huo wa mkononi. Lakini sisi huku, ukitaja mshipa wa mwanamume, umetaja busha. Mama akajifunika uso kwa leso, na mtu nyuma yetu akacheka. Jaafar akainuka, akakung'uta kikoi chake, akaenda zake. Waliokuwa wakingoja nao wakamfuata, na hadi leo mtaa wetu hauendi kupimwa. Wanasema wale watu wanawavua wenzao nguo kwa macho.

Na kweli busha analo, wifi. La miaka. Alipoacha kukwea minazi alituambia ni goti. Goti gani! Mtoki wa kinenani ukimpanda hutetemeka kwa homa, nami humkanda kwa maji ya moto, na kukicha husema ilikuwa malaria. Nami huitikia, ndiyo, malaria. Siri hiyo nimeibeba peke yangu, hata mama sikumwambia.

Sasa ameshikilia kwamba mimi ndiye niliyemnong'oneza yule binti. Nilipomweleza kuwa kwa watu wa bara mshipa ni mshipa tu, akaniuliza mbona nimelipata jibu upesi hivyo kama sina langu. Analala barazani. Chakula changu hagusi, anakwenda kunywa chai ya mgahawani kama kijana asiye na kwao. Nina hasira naye hata ningemtia kofi, na namwonea huruma hata nalia jikoni.

Kubwa ni hili. Jumatatu gari la hospitali linakuja kuwachukua wenye mabusha wakapasuliwe bila malipo. Eunice mwenyewe alikuja nyumbani kuomba radhi, Jaafar akatorokea mlango wa uani. Akilikosa gari hili sijui kama litarudi tena, na homa zile zinazidi. Naogopa, wifi. Tena amesema Ijumaa akitoka msikitini ataniapisha kwa msahafu, kwamba sijamwambia kiumbe yeyote habari ya mwili wake. Nikishindwa, kila mtu ashike njia yake.

Wewe ndiye uliyemlea mlipofiwa na mama yenu, na neno lako hajalirudisha hata siku moja. Njoo na shemeji Boga, wanaume wakae wasemezane wenyewe.

Watoto Swabir na Rai wanakuamkia, na mama anakusalimu. Nisalimie jirani yako Bi Jumwa, mwambie ule ukili wa mkeka nimemwekea.

Wifi, leo asubuhi ningeuweka mkono juu ya msahafu nisitetemeke, maana sikuwa nimemwambia mtu. Sasa nimekwisha kukuambia wewe. Siwezi kuapa tena, na kuapa uongo sitaapa. Basi njoo kabla ya Ijumaa.

Mola akufikishe salama.

Ni mimi wifiyo, nikupendaye sana,
Hanifa