Tundu la Hewa Jikoni

Rybnik, 11 Februari 1999

Kaka yangu mpendwa Lucjan,

Salamu nyingi zikufikie huko Essen, wewe na wifi yangu Gizela. Natumaini mgongo wako umepata nafuu. Sisi huku tungali tunapumua, na neno hilo siliandiki kwa mzaha.

Mara mbili umeniuliza kwenye simu ilikuwaje, na mara mbili nimekujibu kwa mkato. Sasa nakuandikia uyasome yote kabla hujamlipa yule wakili unayetaka amshtaki fundi.

Unamjua Baba. Miaka thelathini alichimba makaa, na ile boila kuukuu ya makaa chini ya nyumba, iliyotupashia joto vyumba vyote, aliipenda kuliko alivyotupenda sisi. Lakini ilikuwa mlafi: mgao wa makaa anaopewa kama mstaafu wa mgodi uliisha kabla ya Januari, na makaa mengine tukawa tunanunua. Mwaka mzima nilimbembeleza tuweke ya gesi, kwamba itatupunguzia gharama. Akanitania kuwa kubeba majivu kumenichosha, ndiyo maana nimegeuka mhasibu. Oktoba akakubali. Bwana Teofil, fundi wa mtaa wa nyuma, aliing'oa ya zamani vipande vipande akatundika mpya jikoni. Baba alisimama pembeni kavua kofia, kama yuko mazishini.

Bwana Teofil alituonyesha tundu la hewa juu ya mlango, akasema mara tatu lisizibwe. Moto wa boila hii unavuta hewa ya humo humo chumbani, na madirisha yetu mapya hayapitishi hata pumzi. Hewa ikipungua, moto hutoa sumu isiyo na rangi wala harufu. Mfagia dohani alipokuja kukagua alirudia hayo hayo. Mimi nilikuwa nimeshika kifungo cha koti kutafuta bahati, kama Mama alivyotufundisha kila tumwonapo mfagia dohani, wala maneno yake hayakuniingia.

Baridi ilipokaza, Baba akaanza. Upepo wa tunduni unampiga shingoni, utamlaza kitandani. Tunawapashia joto shomoro wa uani, akasema. Bili ya kwanza ilipokuja, kubwa kuliko nilivyomwahidi, aliiweka karibu na sahani yangu.

Baada ya Krismasi vichwa vikaanza kutuuma. Mimi nilisema mafua, yeye akasema uzee. Akawa anasinzia saa nne asubuhi, kijiko mkononi. Niliogopa, lakini sikutaka kujua naogopa nini. Jumapili moja nilirudi kutoka misa nikamkuta chini ya meza, mashavu mekundu kama ya mtoto aliyecheza thelujini. Nilifungua madirisha nikaita gari la wagonjwa.

Aliokoka, ila akili haijarudi yote. Ananiita kwa jina la Mama. Polisi walikuta tundu liko wazi, wakasema basi kosa ni la fundi. Bwana Teofil amezuiwa kufanya kazi, na Machi atapandishwa kizimbani. Mkewe alinisimamisha nje ya duka la mikate akaniambia, “Dada Urszula, we ulikuwepo akifunga ile boila. Hebu niambie, mume wangu alikosea wapi?” Nikamjibu kuwa mimi si fundi.

Kaka, kikulacho ki nguoni mwako. Hakukosea popote. Tundu nililiziba mimi. Siku ile ya bili nilipanda juu ya kiti, nikashindilia soksi za sufu za Baba, nikabandika gazeti juu yake. Baba akanisifu: “Sasa hapa pamekuwa nyumbani, mwanangu.” Jumapili ile, kabla gari halijafika, nilizichomoa nikazificha kabatini. Wiki tano nimenyamaza, na aibu inanila.

Jumatatu nakwenda kwa mwendesha mashtaka, na soksi nitazibeba. Ukiweza nisamehe, ingawa wa kuombwa msamaha kwanza ni Bwana Teofil.

Hospitali watamruhusu Baba Jumamosi ya wiki ijayo. Kila siku analalamika baridi na kuniuliza kama tundu nimeliziba. Njoo, kaka. Sijui kama nitakuwepo kumfungulia mlango, na yeye kiti bado anaweza kukipanda.

Nisalimie Gizela, na Mungu awalinde safarini.

Ni mimi dada yako,
Urszula